Ukishika Kamera Kwenye Uwindaji: Hatua kwa Hatua

Msimu ukifunguliwa Julai simu yangu haitulii, na maswali ni yaleyale. "Kaka, mgeni kaangusha mbogo, naweza kumweka status?" "Bosi anataka nikate pale risasi ya kwanza ilipokosa, nikubali?" "Kuna mtu kaniita jangili hadharani, nimjibu nini?" Kujibu mmoja mmoja kwa voice note kumenichosha, kwa hiyo nimeyapanga hapa yote, kuanzia kabla hujatoka kambini hadi siku picha imekuharibikia mtandaoni.

Mwongozo huu ni wa kijana aliye kwenye kambi ya uwindaji wa kitalii Tanzania, awe ameajiriwa kama mpiga picha au ni mfuata nyayo mwenye simu nzuri. Ni wa mwindaji mwenyeji mwenye leseni yake pia, na wa mhariri aliye Dar au Arusha anayeletewa klipu bila maelezo. Walio Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, wanaweza kuruka hadi kwenye kuhariri na maelezo ya picha. Kama uwindaji wa nyara ufutwe au ubaki, sitalijadili. Lina watu wake wa kubishana. Nachukulia kwamba mnyama anawindwa kwa kibali na wewe ndiye unayeamua watu wataona nini.

Shika jambo moja tu: picha ya uwindaji ni ushahidi kwanza, kumbukumbu baadaye. Mwaka 2014 Waziri wa Maliasili na Utalii wa wakati ule, Lazaro Nyalandu, alifuta leseni ya kampuni moja ya uwindaji baada ya video ya safari yao kusambaa, ikionyesha vitendo vya kuvunja sheria, vikiwemo kupiga wanyama kutoka kwenye magari. Kamera ilikuwapo pale pale, mikononi mwa watu waliodhani wanatengeneza kumbukumbu nzuri.

MAHITAJI KABLA YA KUANZA

- Nakala ya kibali cha uwindaji ndani ya simu yako: jina la mgeni, kitalu (eneo la uwindaji lililogawiwa), tarehe, na orodha ya wanyama walioruhusiwa. Mnyama asiyekuwamo kwenye orodha hiyo hata picha yake ya ushindi haipo.
- Kibali cha kupiga picha. Filamu ya biashara inahitaji Bodi ya Filamu, na ndani ya pori la akiba unahitaji pia ruhusa ya TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Kibali cha mgeni cha kuwinda hakikufuniki wewe na kamera yako.
- Droni iache nyumbani kama huna vibali vyake vyote mkononi. "Nitairusha kidogo tu" imeshawaponza wengi.
- Makubaliano ya maandishi na aliyekuajiri: nani anamiliki picha ghafi (zile ambazo hazijahaririwa), nani anaruhusiwa kuzitoa, na zitahifadhiwa kwa muda gani. Nusu ukurasa unatosha.
- Fomu fupi ya ridhaa, kwa Kiswahili, kwa kila mtu ambaye sura yake itaonekana.
- Memori kadi mbili na diski ya nje.
- Chupa ya maji, vitambaa viwili vya pamba vya rangi ya giza, na panga dogo la kufyekea nyasi. Utaona kazi yake hatua ya sita.

HATUA YA 1: Rekebisha saa, zima mahali

Watu wanaipuuza hatua hii kwa sababu inachukua dakika mbili. Ingia kwenye mipangilio ya kamera uweke tarehe na saa ya Afrika Mashariki. Mgeni akikukabidhi kamera yake, fanya hivyo hivyo kabla hujapiga hata picha moja. Kamera iliyotoka Texas ikiwa bado na saa za kwao, mbogo aliyepigwa saa tatu asubuhi ataonekana kapigwa saa saba usiku. Kuwinda usiku kwa taa ni kosa. Siku ya kujieleza utakuwa unabishana na kamera yako mwenyewe, na huyo ni shahidi asiyebadili maneno.

Kwa chui ndiyo usiseme. Chui huja kwenye chambo jua linapozama, na dakika chache tu zinatenganisha uwindaji halali na kesi. Saa ya kamera iliyo sahihi inamlinda mgeni, mwindaji bingwa (mtaalamu anayemwongoza mgeni porini) na wewe.

Kisha zima huduma ya mahali kwenye programu ya kamera ya simu. Picha inayobeba vipimo vya GPS inamwonyesha jangili mahali mnyama alipo kwa usahihi wa mita chache. WhatsApp huviondoa ukituma kama picha ya kawaida, lakini ukiituma kama dokumenti ili isipoteze ubora, vipimo vinasafiri nayo. Ukibahatika kumwona faru, hata jina la pori usiliandike.

HATUA YA 2: Kikao cha jioni

Kabla ya siku ya kwanza kaa na mwindaji bingwa, askari wa wanyamapori anayeandamana nanyi, na mgeni. Robo saa tu, chai ikiwa mezani. Kubalianeni mambo matatu.

La kwanza, kamera haimcheleweshi mtu kupiga risasi, hasa ile ya kummaliza mnyama aliyejeruhiwa. Nimesikia wageni wakiambiwa "subiri kidogo, sijamweka kwenye fokasi" huku mnyama kasimama na jeraha. Mpiga picha anayesema hivyo arudishwe kambini siku hiyo hiyo.

La pili, unasimama wapi. Kwa kawaida ni nyuma ya mwindaji bingwa, hatua mbili, upande anaokuonyesha yeye. Ukihama pembeni kutafuta mwanga mzuri, unaweza kujikuta uko kwenye njia ya risasi au ya mbogo.

La tatu, nani mwenye neno la kusimamisha kamera. Mwindaji bingwa anaweza kusema zima kwa usalama, na hapo unazima bila mjadala. Mgeni anaweza kusema zima kwa sababu anajisikia vibaya, nalo liheshimu. Lakini mtu yeyote akisema zima kwa sababu kinachofanyika hakiruhusiwi, elewa kwamba umekwisha kuwa shahidi, uzime usizime.

HATUA YA 3: Jua kosa kabla hujaliona

Huwezi kulinda picha zako kama hujui sheria inasemaje. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 na kanuni zake ni ndefu, lakini mwenye kamera akumbuke haya: hapigwi mnyama kutoka kwenye gari, hakimbizwi kwa gari, hawindwi usiku kwa taa, hawekewi sumu. Jike lenye mtoto na wanyama wachanga hawaguswi. Chui anayewindwa ni dume. Simba awe ametimiza miaka 6. Twiga ni alama ya taifa na hawindwi kabisa.

Simba nimweleze kidogo, maana anaulizwa sana. Umri unawekewa mkazo kwa sababu dume likiondolewa mapema kwenye kundi, madume mapya yakiingia huua watoto wadogo waliopo. Njia mojawapo ya kukadiria umri ni rangi ya pua: ya kijana ni ya waridi, na kadiri anavyozeeka madoa meusi yanaenea. Ndiyo maana picha ya pua kwa karibu, kwenye mwanga wa kawaida, bila kichujio cha rangi, ina thamani kuliko picha kumi za mgeni akitabasamu. Piga pua, piga meno, piga manyoya ya shingo kutoka pande zote mbili.

HATUA YA 4: Mawindo yenyewe

Washa kamera mapema na usizime hadi mnyama athibitike amekufa. Klipu ndefu isiyokatika ndiyo kinga yako. Usimwombe mgeni arudie kitu chochote, na usimwambie mfuata nyayo "hebu rudi uje tena ukiwa umeinama". Ukihitaji picha za ziada za miguu ikitembea na mikono ikishika udongo, zipige siku nyingine, na uzitumie bila kudai kwamba ni za siku ile.

Mnyama akijeruhiwa na kuingia kichakani, kazi yako inabaki kimya na nyuma. Hiyo ndiyo saa ya hatari kuliko zote na ndiyo saa ambayo uadilifu wa kambi unaonekana. Kambi nzuri hufuata damu mpaka giza, na kesho yake alfajiri inarudi pale ilipoishia. Ifuate nayo kwa kamera, kwa mbali. Watazamaji wengi hawajawahi kuona wanaume wanne wamechuchumaa juu ya tone moja la damu kwenye jani, wakinong'onezana kama ni la mapafu au la tumbo. Onyesha hilo. Ni kweli, na ni kazi ya kitaalamu ambayo klipu za kujisifu huwa zinairuka.

HATUA YA 5: Mnyama akianguka

Usikimbilie. Mwindaji bingwa atasogea kutokea nyuma, na kwa mbogo huongezwa risasi nyingine ya uhakika. Kisha jicho linaguswa kwa ncha ya fimbo ndefu. Lisipopepesa, ndipo unapumua.

Kwenye swala na wanyama wadogo kuna jambo ambalo waandishi wa miongozo ya nje hawalijui. Kambi zetu nyingi zina Waislamu, na nyama iwe halali lazima mnyama achinjwe akiwa bado na uhai. Kwa hiyo swala akianguka utaona mtu anachomoka mbio na kisu, anakigeuza kichwa kuelekea kibla, anasema Bismillahi Allahu Akbar, na damu inamwagika. Kwa anayejua, huyo ni mnyama aliyemalizwa upesi na ambaye kambi nzima itamla kwa amani. Kwa mtazamaji wa Manchester, na hata wa Masaki, ni mtu anamkata koo mnyama anayehema.

Ipige, lakini ibaki kwenye picha ghafi. Ukitaka kuitumia kwenye filamu ndefu, mpe mchinjaji mwenyewe nafasi aeleze anachofanya na kwa nini. Kuitupa kwenye klipu ya sekunde 30 yenye muziki wa ngoma ni kumdhalilisha yeye na kuwachokoza watu bure. Na usimzuie kwa ajili ya kamera: sekunde unazomchelewesha ni sekunde za mateso, na nyama nayo inaweza kuwa haramu.

HATUA YA 6: Picha na mnyama

Hapa ndipo wengi mnaharibu, kwa hiyo nitakaa.

Kwanza acha dakika chache zipite. Mgeni anatetemeka, wengine wanalia, wengine wanacheka bila sababu. Sura hizo ni zake, na picha ya wakati huo mara nyingi humwonyesha alivyokuwa kwa dakika tano tu, si alivyo. Wakati anatulia, wewe fanya kazi.

Msogeze mnyama akae kifudifudi, miguu ikunjwe chini ya kifua kama aliyelala, kichwa kiinuliwe na kuegemezwa kwenye jiwe au kipande cha mti kisichoonekana. Loanisha kitambaa, futa damu puani na mdomoni, kisha futa tena kwa kitambaa cha pili, maana damu ya mapafu inaendelea kutoka. Rudisha ulimi ndani na ufunge mdomo. Upande wenye tundu la risasi ugeuze mbali na kamera. Mwaga maji kwenye damu iliyo ardhini, tupia mchanga mkavu juu. Fyeka nyasi zinazoziba uso wa mnyama, lakini usifyeke uwanja mzima hadi paonekane kama studio.

Haya yote hayafichi kifo. Kila mtu anajua mnyama amekufa. Yanamwondolea fedheha.

Mgeni apige goti nyuma au pembeni. Asikae juu yake, asimkanyage, asishike sigara wala bia, asimpandishe kofia kichwani wala miwani machoni. Usicheke, nimeshaletewa picha ya pofu, yule swala mkubwa, aliyevishwa miwani ya jua niihariri rangi. Bunduki iwe imetolewa risasi na kuhakikiwa na mwindaji bingwa, mtutu usielekezwe kwa mtu wala kwa kamera, na isiwe ndiyo mhusika mkuu wa picha. Wewe shuka chini, kamera iwe usawa wa macho ya mnyama.

Kuna ujanja wa kumrudisha mgeni mita mbili nyuma na kutumia lenzi pana ili mnyama aonekane mkubwa kama nyumba. Kila anayewinda anaujua. Ukiutumia kwenye picha za kuuza safari unamdanganya mteja ajaye, na atakapofika na kuona mbogo wa ukubwa wa kawaida, mwindaji bingwa ndiye atakayebeba lawama.

Maliza upesi. Jua linapanda, nyama inaharibika, na wachunaji wanasubiri. Askari naye ana kibali cha kujaza. Picha inayosababisha nyama ioze haina utetezi.

Angalizo: usipige picha binafsi ukiwa umeshika meno ya tembo, ngozi au pembe peke yako, bila mgeni wala askari kwenye fremu. Nyara ni mali nyeti kisheria. Miaka mitatu baadaye, picha hiyo ikiokotwa kwenye simu yako kituo cha polisi, hakuna maelezo chini yake yanayosema ilikuwa halali.

HATUA YA 7: Watu

Tazama picha za safari za uwindaji za enzi ya ukoloni: mzungu mbele na bunduki, nyuma yake wamesimama watu weusi watano, na chini jina ni moja. Miaka mingi imepita na bado naletewa picha za namna hiyo kutoka kwa vijana wetu wenyewe. Aliyeona unyayo ni mfuata nyayo. Mpige picha yeye, muulize kama anataka jina lake liandikwe, na liandike sawasawa.

Kuuliza ni lazima, kwa sababu wapo wasiotaka. Wengine wana ndugu kijijini ambao hawajui wanafanya kazi gani, na wengine wameshawahi kutoa ushahidi dhidi ya majangili mahakamani. Askari wa doria usionyeshe uso wake wala njia anazopita. Januari 2016 rubani Roger Gower aliuawa kwa risasi za majangili akiwa na helikopta juu ya Pori la Akiba la Maswa. Hao watu wapo na wana simu kama wewe.

Ridhaa si hisani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu taarifa za mtu, na sura yake ni mojawapo. Mtoto asionekane bila mzazi wake kukubali, na mimi ningesema asionekane kabisa karibu na mzoga.

Mgao wa nyama kijijini nao una adabu yake. Kila kambi inataka hiyo picha kwa sababu inaonyesha manufaa kwa jamii, na ni haki yake. Lakini usipige picha za watu wakigombania vipande. Ongea na mwenyekiti wa kijiji kabla, panga mgao wenye utaratibu, piga mikono, beseni, mizani, mama anayecheka kwa ridhaa yake. Ukiona imekuwa vurugu, shusha kamera usaidie kugawa.

Kwa wanaokwenda Mang'ola na Yaeda kuwapiga picha Wahadzabe wakiwinda: kwao uwindaji ni chakula cha leo. Usiwaombe warudie kupiga mshale kwa ajili ya kamera, usiwapange kama maonyesho, lipa mlichokubaliana, na wakikataa usizunguke kwa mtu wa tatu.

HATUA YA 8: Kuhariri

Kanuni ninayoitumia: kata kwa ajili ya heshima, usikate kwa ajili ya uongo. Sekunde za mnyama akitapatapa unaweza kuzitoa. Risasi ya kwanza iliyokosa, usiitoe halafu ukaandika "risasi moja, kazi imekwisha". Ukiamua kuitoa kwa sababu ya muda, basi maelezo yaseme alipigwa mara mbili.

Usichanganye wanyama wawili kwenye tukio moja. Usiongeze mlio wa mnyama uliotoka kwenye maktaba ya sauti. Usibadilishe rangi ya simba. Tumeshaona umuhimu wa pua. Tarehe ndani ya faili usiifute kwenye nakala ghafi, hata kama unaifuta kwenye nakala ya kuposti.

Muziki: punguza. Gitaa la kelele chini ya mnyama anayekufa linakuonyesha wewe kuliko linavyoonyesha uwindaji.

HATUA YA 9: Maelezo chini ya picha

Andika aina ya mnyama, mkoa au pori kwa jumla, mwaka, na kwamba ni uwindaji wenye kibali Tanzania. Sentensi hiyo ndogo ni muhimu kuliko unavyodhani. Klipu ikivuka mpaka kwenda Kenya bila hiyo, mtazamaji ana kila sababu ya kuamini anaona ujangili, kwa sababu kwao mauaji hayo yangekuwa ujangili kweli.

Usidai usichoweza kuthibitisha. "Alikuwa mzee, hazai tena" ndiyo sentensi ninayoiona kila mwaka, na kwa tembo haina miguu: utafiti wa Amboseli, Kenya, umeonyesha kwamba madume yaliyokomaa sana ndiyo yanayozaa zaidi. Kati ya mwaka 2023 na 2024, madume kadhaa yenye meno makubwa yalipopigwa upande wa Tanzania karibu na mpaka, eneo la Enduimet, watafiti wa Amboseli walipaza sauti. Hao wamekuwa wakiwatambua tembo mmoja mmoja tangu 1972, kwa mikato ya masikio na umbo la meno. Maana yake kwako ni kwamba mnyama uliyemwandika "dume moja kubwa" anaweza kuwa na jina, mama anayejulikana, na faili. Kama una picha ya sikio lake, mtu fulani mahali fulani atamtambua ndani ya siku moja.

Vivyo hivyo "nyama yote ilikwenda kijijini" na "fedha zinajenga shule". Kama ulipiga mgao, sema. Kama umeiona shule, itaje. La sivyo acha.

HATUA YA 10: Kuposti

Ngoja mgeni aondoke nchini na kambi ihame eneo lile. Status ya papo hapo ni marufuku kwenye kambi yoyote yenye akili. Chagua picha ya kwanza isiyo na damu wala mzoga, ili anayepita tu asilazimishwe kuona. Weka kizuizi cha umri panapowezekana. Usitaje bei ya bunduki wala usitangaze ngozi na pembe. Facebook na Instagram zinakataza biashara hiyo, na sheria ya nchi inakungoja nyuma yao.

Kama una ukurasa unaokuingizia fedha, ulizia kwanza TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano) kama unahitaji leseni ya maudhui ya mtandaoni.

Picha ghafi hifadhi mahali pawili kwa muda mliokubaliana. Usizifute kwa sababu memori imejaa.

MAMBO YAKIHARIBIKA

Mnyama ana kola shingoni, yaani mkanda wa watafiti wa kumfuatilia. Usiivue kwenye picha, usiifiche kwa mkono, usiizike. Piga picha namba yake, mjulishe askari hapo hapo ili taarifa ifike TAWA na TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori. Julai 2015 simba Cecil, aliyekuwa na kola ya watafiti wa Oxford, aliuawa nje ya Hifadhi ya Hwange nchini Zimbabwe. Ghadhabu iliyofuata haikuishia kwa mwindaji: mwezi Agosti mashirika makubwa ya ndege ya Marekani, Delta likiwamo, yalitangaza kwamba hayatabeba tena nyara za simba, chui, tembo, faru na nyati. Kambi ambazo hazijawahi kufika Zimbabwe zililipia.

Bosi anataka ufute klipu yenye kosa. Usibishane porini. Mwambie makubaliano yenu yanasema ghafi zinahifadhiwa, na ndiyo sababu niliyasisitiza mwanzoni. Akilazimisha, askari wa wanyamapori yupo kwa kazi hiyo. Ukifuta, umehama kutoka kwenye ushahidi ukaingia kwenye kosa.

Mgeni kaposti mwenyewe kwao, na mahali panaonekana. Mwandikie siku hiyo hiyo, kwa adabu, aondoe jina la kitalu na picha za askari. Wengi hukubali. Asipokubali, mpe taarifa mwindaji bingwa, kwa kuwa yeye ndiye mwenye uhusiano naye.

Matusi yamefunguka. Jibu mara moja, ukweli tu: aina ya mnyama, nchi, kibali. Usitukane, usiweke picha ya kibali chenye namba ya pasipoti ya mgeni, usiwaite wote wajinga. Anayeuliza swali la kweli mjibu swali lake. Anayetishia kuua, piga picha ya skrini na upeleke polisi. Familia yako iondoe kwenye akaunti hiyo leo, usingoje kesho.

Picha yako imechukuliwa ikaandikwa uongo. Toa ile ile yenye maelezo kamili na klipu fupi ya ghafi inayoonyesha mfuatano. Hapa ndipo ile saa uliyoirekebisha inakulipa.

Umepokea kwenye kundi picha ya mzoga usio na maelezo, kichwa kimekatwa, au mtu anauza "kitoweo" usiku. Usiisambaze hata kwa kulaani. Hifadhi ujumbe na namba, wapelekee TAWA, toka kwenye kundi.

Umenunua nyamapori buchani na unataka kuposti mishikaki. Bucha zenye leseni zinaruhusiwa kwa kanuni za mwaka 2020. Chukua risiti, iweke mpaka nyama iishe, na ukivuka Namanga kuingia Kenya mishikaki hiyo iache upande huu.